Somo la hesabu: Mama akiongeza mwaka, na mtoto anaongeza

Leo ukurasa wetu wa masomo tunaupa hesabu. Wazazi kadhaa wa hapa Kigali wameleta ombi moja: watoto wanarudi kutoka shuleni na maswali ya umri, yale ya "baba ana miaka mara nne ya miaka ya mwanawe", na nyumbani hakuna wa kuwasaidia. Sababu tunaijua. Wengi wetu tulisoma hesabu kwa Kifaransa kule Kivu. Watoto wetu wanasoma kwa Kiingereza, maana Rwanda iliamua kubadili lugha ya kufundishia mwaka 2008. Na tukikaa kula tunaongea Kiswahili au Kinyarwanda. Kwa hiyo swali moja linapita katika lugha tatu kabla ya kufika kwenye daftari, na mara nyingi kinachomshinda mtoto ni maneno tu, maana namba zenyewe ni ndogo.

Iko sababu ya pili ya kuchagua somo hili, nayo inatuhusu sisi wakubwa. Mkimbizi ni mtu wa fomu. Tangu mpakani mpaka kambini, na kutoka kambini mpaka mjini, kila fomu ina mstari wa tarehe ya kuzaliwa, na wengi wetu tumeandikiwa 1 Januari kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana. Tutafika huko. Kwanza tuanze na kazi ya shule.

Neno aljebra lisimtishe mtu. Ni neno la Kiarabu, al-jabr, maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama fundi wa mifupa anavyounga mguu. Lilitoka katika kitabu alichoandika al-Khwarizmi kule Baghdad karibu na mwaka 820. Neno letu "jabari" ni la shina hilo hilo. Sehemu ya mwisho ya kitabu kile ni maswali ya kugawa urithi, yaani mambo ya baba, mama na watoto, kama haya ya leo. Wala mtu asiseme hesabu ni mali ya wageni. Mwaka 1950, huko Ishango kando ya ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye alama zilizochorwa kwa mafungu. Mfupa huo unakadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 20,000, na wengi wanaona zile ni alama za kuhesabia. Umechimbwa kwetu, ingawa sasa unatunzwa Brussels.

KANUNI YENYEWE

Katika maswali ya umri kuna jambo moja la kushika, na ukilishika nusu ya kazi imekwisha: watu wote huongeza miaka sawasawa. Mwaka ukipita, mama anaongeza mmoja, mtoto anaongeza mmoja, na babu naye vilevile. Kwa hiyo tofauti ya umri kati ya watu wawili haibadiliki kamwe. Kama mama alimzaa binti yake akiwa na miaka 24, atakuwa mbele yake kwa miaka 24 mpaka mwisho. Kinachobadilika ni "mara ngapi". Binti akiwa na mwaka 1, mama ana 25, mara ishirini na tano. Binti akiwa na 24, mama ana 48, mara mbili tu. Mtoto anamkaribia mama kwa "mara", lakini kwa miaka hamkaribii hata siku moja.

Sasa tutazame swali lenyewe.

Mama ana miaka 36. Binti yake ana miaka 12. Baada ya miaka mingapi umri wa mama utakuwa mara mbili ya umri wa binti?

Hatujui ni miaka mingapi. Basi tunaiita x. Watoto huuliza, x ni kitu gani? Ni kiti tunachomwekea mgeni ambaye bado hajafika. Tunaendelea na shughuli zetu, kiti kipo, na mwishoni mgeni anaingia na tunamfahamu.

Baada ya miaka x, mama atakuwa na 36 + x. Binti atakuwa na 12 + x. Hapa ndipo wengi huanguka: wanaiongeza ile x kwa mama peke yake na kumwacha binti na miaka yake 12, kana kwamba mwaka mpya ulipita kwa mtu mmoja nyumbani. Ongeza kwa wote wawili. Swali linasema mama atakuwa mara mbili ya binti, kwa hiyo:

36 + x = 2(12 + x)

Alama ya sawasawa ni mizani ya sahani mbili. Ukiondoa kitu upande huu, ondoa kiasi kile kile upande wa pili, la sivyo mizani inainama. Mabano nayo ni nyumba. Hiyo 2 iliyo mlangoni ni mgeni mwenye adabu, na mgeni mwenye adabu akiingia anasalimia wote waliomo. Hatamsalimia 12 na kumpita x bila neno. Kwa hiyo 2 inazidisha 12 na inazidisha x pia:

36 + x = 24 + 2x

Tunaondoa x moja kila upande: 36 = 24 + x. Tunaondoa 24 kila upande: 12 = x.

Jibu ni miaka 12. Mtoto asifunge daftari hapo. Ajaribu jibu lake: baada ya miaka 12 mama atakuwa na 48, binti atakuwa na 24, na 48 ni mara mbili ya 24. Sasa afunge.

Kwa wale wanaopenda njia fupi: tofauti yao ni 24 na haibadiliki. Siku mama atakapokuwa mara mbili ya binti, huo umri wa binti utakuwa sawa na ile tofauti. Kwa hiyo binti atakuwa na 24. Leo ana 12. Imebaki miaka 12. Tumepata bila x. Hata hivyo mtoto ajifunze njia ya x kwanza, kwa sababu mwalimu anataka kuona hatua, na kwa sababu kuna maswali ambayo njia fupi haifiki.

Sasa tugeuze swali. Mama huyo huyo wa miaka 36 na binti wa miaka 12: ni lini mama alikuwa mara tano ya binti? Tukiandika kama mwanzo:

36 + x = 5(12 + x)
36 + x = 60 + 5x

Tunaondoa x kila upande: 36 = 60 + 4x. Tunaondoa 60: -24 = 4x. Kwa hiyo x = -6.

Watoto wakiona alama ya kutoa mbele ya jibu hudhani wameharibu, wanafuta kila kitu. Wasifute. Tuliuliza "baada ya miaka mingapi", na hesabu imejibu "kutoa sita", yaani jambo hilo lilikwisha kupita miaka 6 nyuma. Hebu jaribu: miaka 6 iliyopita mama alikuwa na 30, binti alikuwa na 6. Ni mara tano kamili.

MANENO YANAYOPOTEZA WATOTO

Mzazi asiyejua aljebra kabisa bado anaweza kusaidia hapa, kwa sababu hapa kazi ni ya lugha. Tazama sentensi hizi mbili: "Dada ni mkubwa kuliko mdogo wake kwa miaka mitatu", na "Umri wa dada ni mara tatu ya umri wa mdogo wake". Katika Kiingereza cha vitabu vya shule sentensi hizi mbili zinafanana sana kwa sura, na mtoto anayesoma haraka anazichanganya. Ya kwanza ni kujumlisha: kama mdogo ni y, dada ni y + 3. Ya pili ni kuzidisha: dada ni 3y. Mwambie mtoto akueleze swali kwa lugha ya nyumbani kabla hajashika kalamu. Akishindwa kulieleza, basi hajalielewa, na hakuna faida ya kuanza kuandika x.

Jambo lingine ni nyakati. "Miaka mitano iliyopita", "sasa", "miaka minne ijayo": swali moja linaweza kuwa na nyakati mbili au tatu. Mimi hupenda kuwachorea vijana jedwali, safu moja kwa kila mtu, mstari mmoja kwa kila wakati. Mtu, wakati, umri. Jedwali likijaa, mlinganyo unajitokeza wenyewe.

IBRAHIMU NA ISAKA

Kitabu cha Mwanzo kina maswali ya umri mengi kuliko kitabu cha shule. Ibrahimu alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Ni lini alikuwa mara tano ya Isaka? Umri wa Isaka tuuite x: 100 + x = 5x, kwa hiyo 100 = 4x, na x = 25. Isaka 25, Ibrahimu 125. Na mara tatu? 100 + x = 3x, x = 50. Isaka 50, Ibrahimu 150.

Na mara mbili? 100 + x = 2x, kwa hiyo x = 100. Isaka 100 na Ibrahimu 200. Hesabu haina kosa hata moja, na mwalimu ataweka alama ya sahihi. Lakini sura ya 25 inasema Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175. Siku ile haikufika. Mlinganyo haujui kwamba watu hufa. Unajua namba ulizoupa, basi. Ndiyo maana jibu lolote la umri lazima liulizwe: je, katika maisha linawezekana?

Sura hiyo hiyo ina jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kifo cha Ibrahimu kimeandikwa kabla ya kuzaliwa kwa Esau na Yakobo, kwa hiyo mtu hudhani babu hakuwaona wajukuu. Fanyeni hesabu. Isaka alikuwa na miaka 60 mapacha walipozaliwa. Ibrahimu alimtangulia kwa 100, kwa hiyo alikuwa na 160. Alikufa na 175. Wale vijana walikuwa na miaka 15 babu yao alipofariki. Mpangilio wa habari kwenye ukurasa ni kitu kimoja, mpangilio wa miaka ni kitu kingine.

NA KARATASI ZETU

Sasa tufike mahali niliposema tutafika.

Mtu anayekuuliza maswali kuhusu familia yako hahitaji mlinganyo. Anatoa tu. Kama karatasi inasema mama alizaliwa 1 Januari 1990 na mzaliwa wake wa kwanza 1 Januari 1999, tofauti ni 9. Hakuna mama wa miaka tisa. Na kwa kuwa tofauti haibadiliki, kosa hilo halitapona lenyewe kwa kupita miaka: lilikuwa kosa siku lilipoandikwa, litakuwa kosa hilo hilo mama akiwa na 60 na mtoto 51. Mara nyingi hakuna mtu aliyedanganya. Siku ile mlikuwa wachoka, mlikuwa na njaa, aliyetafsiri alikuwa na haraka, na mtu akasema namba iliyomjia kichwani. Lakini miaka kadhaa baadaye namba ile inasomwa kama ushahidi, na kijana anaweza kuitwa mtu mzima kabla ya wakati au kubaki mtoto kwenye karatasi wakati ana ndevu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mwaka mmoja au miwili ya makosa si kitu kidogo kwa mwenye 17.

Kila familia ifanye zoezi hili nyumbani: andikeni majina yote, miaka ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi, kisha toeni. Mama na kila mtoto. Mtoto na mdogo wake. Mkikuta watoto wawili wamepishana miezi mitano, wote wameandikwa ni wa mama mmoja, hapo pana habari inayohitaji kuelezwa. Kwa desturi yetu mtoto wa marehemu ndugu yangu ni mtoto wangu, nami namwita hivyo bila kufikiri. Upendo huo ni mzuri, lakini kwenye fomu sema wazi: huyu nilimzaa, huyu ni wa ndugu yangu na mimi ndiye ninayemlea. Namba zitasema hivyo hata kama wewe hukusema.

Na kama mwaka wenyewe haujulikani? Hapo aljebra inasaidia kuunga kumbukumbu zilizovunjika, ile kazi ya al-jabr hasa. Tunahitaji vigingi viwili vya kufungia kamba, yaani matukio ambayo tarehe zake hazina ubishi. Wazee wana uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960, na mlipuko wa Nyiragongo wa 10 Januari 1977. Wengine wana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hapa Rwanda, Aprili hadi Julai 1994, au vita vya 1996, au kuanguka kwa Mobutu Mei 1997. Wengi wa Goma wana Nyiragongo ya 17 Januari 2002, kuingia kwa M23 mjini tarehe 20 Novemba 2012, na Nyiragongo tena, 22 Mei 2021. Kufika kambini nako ni kigingi: waliofika Kiziba mwaka 1996, Gihembe 1997, Nyabiheke 2005, Kigeme 2012.

Tuseme mama mmoja anakumbuka hivi: "Lava ilipoingia Goma, mkubwa alikuwa na umri mara tatu ya mdogo. Tulipofika Kigeme mwaka 2012, umri wao wote wawili ukijumlisha ulikuwa miaka 28." Hakumbuki zaidi. Je, inatosha?

Mdogo mwaka 2002 tumwite x. Mkubwa alikuwa 3x. Kutoka Januari 2002 mpaka katikati ya 2012 ni miaka 10 na miezi, tuchukue 10. Mdogo akawa x + 10, mkubwa akawa 3x + 10.

(x + 10) + (3x + 10) = 28
4x + 20 = 28
4x = 8
x = 2

Mdogo alikuwa na miaka 2 lava ilipokuja, mkubwa miaka 6. Mwaka 2012 walikuwa 12 na 16, jumla 28. Kwa hiyo mdogo alizaliwa karibu na 1999, na mkubwa karibu na 1995. Sasa kama kadi inasema mdogo alizaliwa 1 Januari 2003, kadi inasema hakuwepo siku mama alipombeba mgongoni akikimbia moto. Mama ana neno la kuleta, na lina hesabu nyuma yake.

Nimesema "karibu na", na neno hilo msilifute. Wengine kwetu wakisema mtoto ana miaka mitatu wana maana ameingia mwaka wa tatu, wengine wana maana ameitimiza. Hiyo tayari ni tofauti ya mwaka mmoja. Kumbukumbu ikiwa ya kukadiria, jibu nalo ni la kukadiria, hata kama x imetoka namba kamili inayopendeza. Mkienda kuomba karatasi irekebishwe, semeni: "tunakadiria mwaka 1999, kwa sababu hii na hii". Chukueni na kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, ripoti ya shule, chochote kilichosalia. Na mtu asitumie somo hili kujipunguzia miaka. Umri wa mtu mmoja umefungwa na umri wa mama yake, wa kaka yake na wa watoto wake. Ukiuvuta huo mmoja, wote wanavutwa, na anayetoa namba ataona.

MAZOEZI

1. Baba ana miaka 44, mwanawe ana miaka 8. Baada ya miaka mingapi baba atakuwa mara tatu ya mwanawe?

2. Dada ni mkubwa kuliko mdogo wake kwa miaka 6. Miaka 4 iliyopita umri wa dada ulikuwa mara tatu ya umri wa mdogo. Sasa kila mmoja ana miaka mingapi?

3. Yusufu alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ikafuata miaka 7 ya shibe, na baada ya miaka 2 ya njaa Yakobo akashuka Misri akiwa na miaka 130. Yakobo alikuwa na umri gani Yusufu alipozaliwa?

4. Karatasi inasema mama alizaliwa 1988 na mtoto wake wa kwanza 2001. Mama anakumbuka vizuri kwamba alimzaa akiwa na miaka 17, na kwamba mtoto alikuwa wa mwaka mmoja Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002. Mwaka upi kwenye karatasi unahitaji kuangaliwa?

Majibu, kwa wazazi tu: (1) miaka 10, watakuwa 54 na 18. (2) Mdogo 7, dada 13. (3) Yusufu alikuwa na 39, kwa hiyo Yakobo alikuwa na 91. (4) Wa mtoto unakubaliana na Nyiragongo. Wa mama ndio wa kuangaliwa: 2001 kutoa 17 ni 1984, au karibu na hapo.